Mwaka 3030 Kama Fumbo: Albamu ya Deltron 3030 na Swali la Utendi wa Kufoka

Neno "andagraundi" limekwishapokewa katika Kiswahili cha mijini, lakini limepokewa likiwa limegeuka maana. Katika mazungumzo ya wapenzi wa muziki wa kizazi kipya nchini Tanzania, msanii andagraundi ni yule ambaye bado "hajatoka": anazo nyimbo, pengine anacho kipaji kinachowazidi waliomtangulia, ila redio hazijampiga na watu hawajamjua. Andagraundi ni kipandio cha chini cha ngazi, na ngazi huwekwa ili ipandwe. Huko Marekani lilikotoka, neno hilohilo lilitumika katika miaka ya 1990 kwa maana iliyo karibu kuwa kinyume. Liliwataja wasanii walioamua, au waliolazimika kisha wakaridhia, kufanya kazi nje ya kampuni kubwa za kurekodi na nje ya redio za biashara, na ambao waliona fahari kukaa huko. Mmoja husubiri mlango ufunguliwe. Mwingine amekwisha kuingia, akayaona yaliyomo, akatoka.

Albamu inayojadiliwa katika mhadhara huu ilizaliwa katika mpaka wa maana hizo mbili. Inaitwa Deltron 3030. Ilitolewa mwezi Mei 2000 na kampuni ndogo iliyoitwa 75 Ark, nayo ni kazi ya watu 3: Del the Funky Homosapien wa Oakland, mfokaji, Dan the Automator wa San Francisco, mtengenezaji wa midundo, na Kid Koala wa Montreal, Kanada, fundi wa kukwaruza santuri. Ina sehemu 21, nyingine zikiwa nyimbo kamili, nyingine vipande vifupi vya maneno, na yote huchukua takribani saa 1. Kisa chake kinatokea mwaka 3030. Ulimwengu na sayari zake zimo mikononi mwa makampuni na matajiri wachache. Deltron Zero, askari wa zamani na bingwa wa kompyuta, amewaasi mabwana zake, anasafiri kutoka sayari hadi sayari, na anashindana kwa maneno na wafokaji wa falaki nzima mpaka kuwa bingwa wao.

Wahakiki wa muziki wanayo istilahi ya albamu za namna hii, ambayo ikifasiriwa neno kwa neno itakuwa "albamu ya dhana". Tafsiri hiyo haimwambii Mswahili kitu, kwa kuwa hakuna albamu isiyokuwa na dhana. Kinachokusudiwa ni albamu ambayo nyimbo zake zimefungwa pamoja na kisa kimoja, kiasi kwamba wimbo mmoja ukichomolewa unabaki na swali ambalo jibu lake liko kwenye wimbo mwingine. Kwa hiyo mhadhara huu utatumia jina "albamu-kisa". Linalotakiwa kuonyeshwa ni kwamba mwaka 3030 ni fumbo. Kwamba umbali ule wa zaidi ya miaka 1,000 umewekwa ili kusema jambo la karibu sana, yaani nani anaimiliki sauti ya mtunzi. Na kwamba mbinu hiyo, ambayo wahakiki wengi wa Magharibi waliichukua kuwa mchezo wa mpenzi wa vitabu vya katuni, inaeleweka vizuri zaidi ikitazamwa na mtu aliyelelewa na tendi na mafumbo.

Oakland na urithi wa angani

Del, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Teren Delvon Jones, alizaliwa Oakland, California, mwaka 1972. Oakland ni mji wa bandari, ng'ambo ya ghuba kutoka San Francisco. Wamarekani weusi wengi walihamia huko wakati wa Vita Kuu ya Pili kufanya kazi katika viwanda vya kuunda meli, na watoto wao ndio waliounda chama cha Black Panther katika mji huo mwezi Oktoba 1966. Hayo hutajwa katika kila maelezo ya mji huo. Lisilotajwa mara nyingi ni kwamba Oakland pia ni mahali ambapo chombo cha angani kiliwahi kutua, walau katika filamu. Mwanamuziki Sun Ra, aliyedai kuwa asili yake ni sayari ya Zohali, alifundisha kozi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mji jirani, mwaka 1971. Katika filamu yake Space Is the Place, iliyotoka mwaka 1974, anatua Oakland na kuwaalika watu weusi wahamie sayari nyingine. Mwaka 1975 kundi la Parliament la George Clinton likatoa Mothership Connection, albamu ambayo ndani yake watu weusi ndio wanaoongoza merikebu ya angani.

Kwa wazao wa watu waliovushwa bahari katika matumbo ya merikebu, picha hiyo ina uzito wake. Merikebu ya kwanza iliwachukua bila hiari. Hii ya pili wanaiendesha wenyewe. Del alikulia katika urithi huo. Albamu yake ya kwanza, iliyotolewa na kampuni ya Elektra mwaka 1991 akiwa na umri wa miaka 19, ilimtaja George Clinton kwa fumbo hata katika jina lake, na midundo yake mingi ilinyofolewa kutoka santuri za bwana huyo. Mlango wa Elektra alifunguliwa na binamu yake, Ice Cube, ambaye wakati huo alikuwa miongoni mwa wafokaji wenye jina kubwa kuliko wote nchini Marekani. Wimbo wa "Mistadobalina" ulimfikisha Del hadi Ulaya. Kwa kipimo cha kizazi kipya, alikuwa amekwisha kutoka.

Ndipo alipoanza kurudi chini. Albamu ya pili, No Need for Alarm ya mwaka 1993, iliacha midundo ya kuchezeka ikafuata ushindani wa maneno, mkali na mkavu. Haikuuza kama kampuni ilivyotaka. Alipokuwa na albamu ya tatu, Elektra ikamwacha. Wenzake wa kundi la Hieroglyphics, wakiwemo Souls of Mischief na Casual, nao waliachwa na kampuni yao. Kilichofuata kina umuhimu kwa historia ya sanaa hii kuliko inavyotambuliwa: kundi lilianzisha kampuni yake lenyewe, likafungua tovuti katikati ya miaka ya 1990 wakati wasanii wengi wa hip hop hawajajua intaneti ni nini, na albamu iliyokataliwa ikauzwa kwa kaseti kupitia tovuti hiyo. Jina lake lilikuwa Future Development. Mustakabali ulikuwa umo katika jina kabla haujawa kisa.

Kwa hiyo mtu anayefoka katika Deltron 3030 kuhusu kompyuta hakuokota msamiati katika filamu tu. Kompyuta ndiyo iliyomfikisha kwa wasikilizaji wake baada ya mkataba kukatika.

Mwaka wa makampuni

Albamu hii husifiwa mara kwa mara kwa kutabiri. Sifa hiyo ni ya heshima lakini inapotosha, kwa sababu humtoa mtunzi katika wakati wake. Ni bora kutazama kilichokuwa kikitokea.

Mwezi Februari 1996 ilitiwa saini nchini Marekani sheria ya mawasiliano iliyoondoa kikomo cha idadi ya vituo vya redio ambavyo kampuni moja iliweza kumiliki nchi nzima. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa vituo 40. Baada ya miaka michache kampuni ya Clear Channel pekee ilikuwa na zaidi ya 1,000. Mfokaji aliyezoea kumbembeleza mtangazaji wa mji wake alikuta kwamba orodha ya nyimbo inapangwa katika ofisi iliyo mbali, na mtu asiyemjua. Mwaka 1998 kampuni ya Seagram, yenye asili ya biashara ya vileo, iliinunua PolyGram na kuiunganisha na Universal. Wasanii wengi wakajikuta nje. Tarehe 10 Januari 2000, kampuni ya intaneti ya AOL ilitangaza kuungana na Time Warner, ambayo miliki zake zilikuwa pamoja na Elektra, kampuni ileile iliyomwacha Del. Tarehe 3 Aprili mwaka huohuo, jaji mmoja mjini Washington aliamua kwamba Microsoft imevunja sheria za kuzuia uhodhi wa soko.

Katikati ya hayo ndipo albamu inatoka, na moja ya vipande vyake vifupi ni taarifa ya habari ambayo, kwa mujibu wa jina lake, ni mali kamili ya Microsoft. Mwaka 2000 dhihaka hiyo haikuhitaji miaka 1,030 ya kusubiri. Ilikuwa imo katika magazeti ya wiki ile.

Kuna sadfa nyingine ambayo haina budi kutajwa. Tarehe 4 Mei 2000, wiki chache tu kabla ya albamu kuingia madukani, kirusi cha kompyuta kilichoanzia Ufilipino na kujificha katika barua ya mapenzi kilienea duniani kwa siku moja na kuzima mifumo ya barua pepe ya ofisi, benki na mabunge. Wimbo mashuhuri kuliko yote katika albamu hii unaitwa "Virus", na msemaji wake anataka kutunga kirusi kitakachoiangusha mitambo ya watawala wote kwa pigo moja. Wimbo ulikuwa umekwisha kurekodiwa, kwa hiyo si kwamba uliiga tukio. Wala haukulitabiri. Wote wawili, mtunzi wa wimbo na mtunzi wa kirusi, walikuwa wameona kwamba dunia iliyounganishwa kwa waya mmoja inaweza kutikiswa na kijana mmoja aliyekaa chumbani.

Kiswahili chenyewe kilikuwa, katika miaka hiyohiyo, kikitafuta maneno ya kukutana na mambo haya. Mjadala wa ngamizi, tarakilishi na kompyuta ulikuwa hai katika taasisi na magazeti, na neno kirusi lilikuwa likitembea kutoka hospitali kwenda ofisini. Nani anapata kuupa mustakabali majina ni swali ambalo wanaisimu wa Kiswahili walikuwa nalo mezani wakati Del analiimba.

Kisa chenye mapengo

Lawama inayorudiwa sana dhidi ya Deltron 3030 ni kwamba kisa chake hakikamiliki. Wimbo wa kwanza mrefu, "3030", ambao huchukua zaidi ya dakika 7, unaweka kila kitu sawasawa: mwaka, jina la shujaa, sura ya ulimwengu, uadui. Chini ya maneno hayo Automator ameweka kwaya iliyonyofolewa katika Lux Æterna, misa ya Mfaransa William Sheller ya mwaka 1972, hivi kwamba mwanzo wote unasikika kama ibada. Baada ya hapo msuko unalegea. Kuna wimbo wa kujiendeleza kielimu, wimbo wa mashindano, wimbo wa mapenzi yaliyopotea, wimbo wa kupoteza kumbukumbu. Vita vikuu havisimuliwi. Watawala hawaonekani wakianguka.

Lawama hii hupata nguvu albamu inapolinganishwa na ile iliyoitangulia kwa mwaka mmoja, A Prince Among Thieves ya Prince Paul, iliyotoka mwaka 1999. Humo kisa kimeshonwa barabara. Kijana Tariq anahitaji dola 1,000 ili amalize kurekodi nyimbo zake kabla ya kukutana na mkuu wa kampuni. Rafiki yake True anamwingiza katika biashara haramu, na mwishowe anamsaliti. Kila mhusika ana mwigizaji wake, na mazungumzo yamejazwa kati ya nyimbo. Ni kazi bora, na anayetaka kumfundisha mwanafunzi maana ya albamu-kisa angefanya vema kuanzia hapo. Lakini ni tamthilia. Inafaa kupimwa kwa vipimo vya tamthilia, na huvishinda. Automator naye alikuwa na uzoefu tofauti: mwaka 1996, pamoja na mfokaji Kool Keith, alitengeneza albamu ya Dr. Octagon, iliyomhusu tabibu mwendawazimu kutoka sayari ya Mshtarii, ambayo haina msuko wowote, ila nafsi moja ya ajabu inayoongea.

Deltron 3030 haiko huku wala kule. Iko mahali ambapo msomi wa fasihi simulizi anapafahamu. Anayekumbuka jinsi habari za Fumo Liyongo zilivyotufikia anajua kwamba hazikutufikia kama riwaya. Ziko nyimbo za gungu zinazonasibishwa naye, ziko hadithi za nathari, na uko utendi uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, karne nyingi baada ya shujaa. Aliyeisikia nyimbo ya gungu hakuelezwa kwanza Liyongo ni nani. Aliletwa katikati ya jambo, kwa sababu mengine alikuwa nayo. Hadhira ya Del nayo ilikuwa na mengine. Ilikuwa imelelewa na filamu za roboti, vitabu vya katuni na michezo ya kompyuta, na ilijua bila kuambiwa jinsi milki ya makampuni inavyofanana na jinsi mwasi anavyokimbia. Mtunzi alihitaji kufungua mlango tu. Hadhira iliyoingia ilijua vyumba.

Hoja hii isitumiwe kutetea kila kitu. Si kila pengo ni sanaa. Vipande kadhaa vya vichekesho kati ya nyimbo vimechakaa, na kimoja au viwili havikuwa na nguvu hata siku ya kwanza. Wimbo wa mapenzi ni mwembamba: mwanamke anayeombolezwa humo hana sauti, na katika falaki yote ile wanawake karibu hawana kazi. Mama yake Liyongo, kwa kulinganisha, alipewa jukumu bila ambalo shujaa angekufa gerezani.

Jambo la umbali lina mfano wa kale zaidi. Utendi wa Tambuka uliandikwa na Bwana Mwengo bin Athumani huko Pate mwaka 1728, na unasimulia mapambano ya jeshi la Mtume na Herakli, mfalme wa Warumi. Msafara wa Tabuk ulikuwa wa mwaka 630. Mshairi wa Pate alisimama takribani miaka 1,100 mbele ya kisa chake. Del alisimama miaka 1,030 nyuma ya kisa chake. Mwaka uleule wa 1728, Wareno walirudi Fort Jesus, Mombasa, kwa msaada wa Pate yenyewe, na mwaka 1729 wakafukuzwa tena. Usomaji unaoona Wareno kila panapotajwa Warumi ni mwepesi mno, na wataalamu wa tendi wametahadharisha juu yake kwa haki. Hata hivyo, ni vigumu kuamini kwamba wasikilizaji wa baraza la Pate, waliokuwa wameiona bendera ya Kireno kwa macho yao, waliisikia vita ile kama jambo la watu wengine. Umbali haukuondoa mambo ya leo. Uliyapa mahali pa kusemewa.

Tofauti ipo, tena kubwa. Utendi una mizani 8, vina 3 vinavyofanana na cha nne kinachorudi hadi mwisho wa kazi. Anayesikiliza hupumzika katika mpangilio huo. Del hahesabu mizani. Anahesabu mapigo manne ya mdundo, na ndani ya mapigo hayo anarundika vina vya kati juu ya vina vya kati, mara nyingine akifananisha maneno marefu ya sayansi kwa silabi 3 au 4 kwa pamoja, mpaka masikio yachoke. Utata huo umefanywa kusudi. Katika ulimwengu wake kila kinachoeleweka upesi kimekwisha kununuliwa.

Kirusi na mkate wa Saada

Wapenzi wa Liyongo wanakumbuka tukio la gereza. Shujaa amefungwa, kijakazi Saada anamletea chakula, na Liyongo anamtuma kwa mama yake kwa maneno ya wimbo: aoke mkate wa makapi, na ndani yake afiche tupa. Walinzi wanachukua chakula kizuri kila siku na kuacha kibaya. Mkate wa makapi hawautaki. Tupa inafika. Siku ya ngoma, huku kelele za gungu zikifunika sauti ya chuma, minyororo inakatwa.

Wimbo wa "Virus" umejengwa juu ya mantiki hiyohiyo, ingawa hakuna sababu yoyote ya kudhani kwamba Del aliwahi kuisikia habari ya Liyongo. Kirusi ni chombo kidogo kinachopita mlangoni kwa sababu mlinzi anakiona kuwa ni kitu kingine. Na wimbo wenyewe unafanya kinachosimuliwa: unaingia masikioni kwa kiitikio rahisi, mdundo mzito na ucheshi, ukiwa umebeba ndani yake malalamiko ya mtu aliyeondolewa kazini na mustakabali uliouzwa. Andagraundi, kwa maana ya Kimarekani, ni mkate wa makapi. Hupita kwa kuwa wenye nguvu hawaoni faida ndani yake.

Upande wa majigambo nao unastahili kutazamwa, kwa kuwa ndiyo uliowakera wahakiki waliotaka mapinduzi safi. Inawezekanaje mwasi wa ulimwengu mzima apoteze muda katika mashindano ya kufoka? Swali hili haliwezi kuulizwa na mtu anayejua hadhi ya malumbano katika ushairi wa Kiswahili. Muyaka bin Haji wa Mombasa alipokuwa akijibizana na washairi wa Lamu, katika zama za uadui wa miji hiyo, hakuwa amepumzika siasa. Beti zilivuka bahari zikiwa na hesabu za vita ndani yake. Katika jamii nyingine za maziwa makuu, majigambo ya shujaa mbele ya mtawala yalikuwa kiapo cha utii na wakati huohuo ukumbusho wa deni. Deltron Zero akishinda taji la wafokaji hajapata serikali, wala hadai kwamba ameipata. Amepata kitu kimoja ambacho makampuni ya mwaka 3030 hayakuweza kukitengeneza katika kiwanda: kutambuliwa na wajuzi wenzake. Kwa mtu aliyefutwa katika orodha ya kampuni kwa sababu ya hesabu za mauzo, hilo ndilo lililokuwa likigombaniwa tangu mwanzo.

Hapa nafsineni na mtunzi wanakaribiana mno, na wimbo wa "Memory Loss", ulioshirikisha sauti ya Sean Lennon, unaonyesha hofu iliyo chini ya majigambo. Anayesahau alikotoka hahitaji kufungwa. Redio inayopiga nyimbo zilezile, habari zenye mwenye duka mmoja, santuri za zamani zisizochapishwa tena: hayo yote ni upotezaji wa kumbukumbu, na kazi ya Automator na Kid Koala ya kunyofoa na kukwaruza santuri zilizosahauliwa ni jibu la vitendo kwa hofu hiyo. Kwaya ya Sheller, iliyokuwa imelala miaka 28, ndiyo inayoufungua mwaka 3030.

Mzuka

Albamu haikuuza sana. 75 Ark ilifungwa baada ya muda mfupi, na kazi hii ikaishi kwa kunakiliwa na kupokezanwa, kama kaseti zilivyopokezanwa Nairobi na Dar es Salaam. Mwendelezo wake, Event 2, ulichukua miaka 13, ukatoka mwaka 2013, na unaukuta ulimwengu uleule ukiwa magofu baada ya uchumi kuporomoka. Wanafunzi wa Al-Inkishafi watajua namna ya kuusikiliza.

Lililotokea mwaka 2001 ni la ajabu zaidi kuliko yote yaliyobuniwa. Damon Albarn, Mwingereza aliyesikika katika albamu ya Deltron, alikuwa akianzisha kundi la Gorillaz, ambalo wanamuziki wake wanaonekana kama katuni tu. Automator ndiye aliyesimamia albamu yao ya kwanza, na Del akafoka katika wimbo wa "Clint Eastwood". Wimbo ulifika nafasi ya 4 nchini Uingereza, na albamu ikauza mamilioni ya nakala. Sauti ya mtu aliyeachwa na Elektra ilisikika katika kila redio, pamoja na zile zilizokuwa zikimilikiwa na kampuni moja. Ila katika video hakuonekana. Kwa mujibu wa hadithi ya kundi hilo, sauti ile ni ya mzuka wa mfokaji aliyeuawa, unaokaa ndani ya mwili wa mpiga ngoma na kutokea kichwani mwake wakati wa kufoka. Wasikilizaji wengi waliukariri wimbo mzima bila kulijua jina la mwenye maneno. Kwa lugha ya kizazi kipya, Del alikuwa ametoka tena. Aliyeonekana ni mzuka wa rangi ya samawati.